Buluu Nne kwa Nyekundu Moja

Shauri Moyo, Jumatatu, 16 Machi 1981

Nimenunua daftari hili katika soko la Gikomba kwa sababu lile la kazini si langu. Kule naandika nambari tu, na Bwana Thuo huzisoma kila jioni. Hapa nitaandika mengine.

Kama mwanangu Simiyu, anayelelewa na nyanya yake kijijini, atayasoma haya siku moja, ajue kwanza kazi ya mamake. Napima maji ya dripu. Kiwanda chetu kiko ng'ambo ya reli, nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Tunajaza maji ya chumvi na ya sukari katika chupa za glasi, yanakwenda hospitali, yanaingia katika mishipa ya watu. Kabla ya fungu lolote kutoka natoa chupa sita na kuziweka, moja baada ya nyingine, katika mashine ya mwanga. Taa iko mbele, na jicho la mashine liko ubavuni. Maji yakiwa safi kabisa, mwanga unapita moja kwa moja na jicho halioni kitu. Yakiwa na chembe, hata ndogo mno, kila chembe inatupa mwanga kidogo kando, kama vumbi linavyoonekana jua likipenya kwenye tundu la bati. Hapo sindano inapanda. Kikomo ni tano.

Leo: mbili. Mvua bado.

Jumatano, 18 Machi

Mbili. Bwana Thuo amenisifu mbele ya wageni kutoka ofisi kuu. Alisema, "Huyu Nabwire alikuja hapa kufagia sakafu. Leo anaona kisichoonekana." Ni kweli. Miaka minne iliyopita nilishika ufagio. Yeye mkemia mkuu ndiye aliyenipeleka masomo ya jioni na kunipa vitabu vyake mwenyewe. Hakuna mtu nimshukuruye zaidi mjini humu, na Wasike mume wangu analijua hilo na halifurahii.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Njia yote ya kwenda kazini ni tope. Sindano: tatu.

Alhamisi, 26 Machi

Saba. Chupa zote sita.

Nilifuta mashine, nikawasha upya, nikapima tena. Saba. Bwana Thuo aliniuliza, "Uchafu unatoka wapi, kwa maoni yako?" Nilifurahi kuulizwa maoni. Nikasema ni chupa. Chupa zinaoshwa na wanawake wanane, na wa karai la pili ni Lenah, ambaye anaishi mtaani kwetu, nyumba za nyuma. Lenah huimba akiosha na hupiga domo akiosha. Mara mbili nimemwona akichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana. Nikaandika ripoti: uoshaji haufai, karai la pili. Nikatia saini.

Jumanne, 31 Machi

Lenah amesimamishwa kazi wiki mbili. Leo asubuhi nimemkuta kwenye bomba la mtaa, ndoo yake ikiwa ya kwanza, yangu ya tano.

"Sasa, madam wa mashine," alisema, wote wasikie. "Wewe ndiwe ulimwambia Thuo chupa zangu chafu?"

"Niliandika nilichokiona."

"Uliniona nikiosha?"

"Niliona maji."

"Basi uliona maji. Hukuniona mimi." Akainua ndoo yake, akaipitisha karibu na miguu yangu, akamwaga kidogo kwenye viatu vyangu. Najua alikusudia. Wale wengine walicheka.

Nimekasirika siku nzima. Mtu asiyeweza kuosha chupa anapata wapi ulimi wa namna hiyo?

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Nane. Na karai la pili sasa lina mwanamke mwingine.

Jumatatu, 6 Aprili

Naandika polepole, maana nataka niwe na hakika.

Leo nilichukua chupa sita tupu nikaziosha mwenyewe kwa asidi, nikazisuuza mara kumi, nikazijaza kutoka kwenye tangi moja kwa moja. Nane. Mikono yangu si ya Lenah, na bado ni nane.

Ndipo nikakumbuka ukurasa mmoja katika vitabu vya Bwana Thuo. Mashine yetu ina vioo viwili vya rangi, cha buluu na chekundu, vya kuweka mbele ya taa. Siku za kawaida hatuvitumii. Kitabu kinasema hivi: chembe kubwa, kama uchafu wa chupa au nyuzi za kitambaa, zinatupa mwanga wa buluu na mwekundu karibu sawa. Chembe ndogo sana zinatupa buluu kwa wingi na nyekundu kidogo tu. Kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo kipimo cha rangi mbili kinakuambia ukubwa wa kitu usichoweza kukiona hata kwa hadubini.

Nikaweka kioo cha buluu, nikaandika. Nikaweka chekundu, nikaandika. Buluu nne kwa nyekundu moja.

Nikafanya hesabu mara tatu nyuma ya bahasha. Chembe hizi ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Matundu ya chujio letu ni makubwa mara nne zaidi. Zinapita kama watu wanavyopita kwenye lango la soko. Na zilivyo nyingi! Katika tone moja zinaweza kuwa mamilioni.

Nikaitazama ile chupa dirishani. Maji safi, yanang'aa. Nikaishika kandokando ya taa, chumba kikiwa na giza, na nikaona ukungu wa buluu, mwembamba, mzuri kama moshi wa sigara.

Huo si uchafu wa chupa. Ni udongo, mwembamba kuliko unga wowote, na umetoka kwenye maji yenyewe.

Jumanne, 7 Aprili

Nilifuata bomba kutoka kwenye tangi hadi chumba cha nyuma, ambako kuna mtambo wa kukeneka, ule unaochemsha maji na kukusanya mvuke wake. Maji yaliyokenekwa hayawezi kuwa na udongo, hata mvua inyeshe mwaka mzima. Nikaweka kiganja juu ya mtambo. Baridi. Mtu alikuwa ameanika soksi juu yake.

Fundi Patrobas alikuwa akila mandazi mlangoni. "Huo umekufa tangu Januari, mama. Kifaa chake kinatoka ng'ambo."

"Na maji?"

"Ya kisima." Akaonyesha uani kwa kidevu. "Yanapitia chujio. Kiangazi hayakuwa na neno."

Kisima kimo ndani ya ua wetu, nyuma ya stoo, na maji ya mvua yanazunguka mdomo wake kama chai.

Jumatano, 8 Aprili

Nilimwonyesha Bwana Thuo bahasha. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani. Nilidhani atashangaa. Alisema, "Umefanya kazi nzuri sana, Nabwire," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alikuwa anajua.

"Bwana Thuo, maji haya yanaingia kwenye damu."

"Chembe za ukubwa huo mwili unazisafisha."

"Udongo wa kisima hauji peke yake. Kuna vijidudu vilivyokufa vimeshikamana nao, na hata vikifa huleta homa vikiingia kwenye damu. Vitabu vyako ndivyo vimesema hivyo."

"Kifaa kitafika mwezi ujao. Tukisimamisha kazi, hospitali tatu hazitakuwa na dripu hata moja. Ungependa hilo?" Akanirudishia bahasha. "Kuanzia leo tutapima kwa kioo chekundu peke yake. Ni kipimo halali. Taa ikiwa nyekundu, mashine haisumbuliwi na vitu vidogo."

"Na Lenah? Hakuwa na kosa."

"Zimebaki siku chache arudi. Tukifungua jambo hilo, wataniuliza kwa nini."

Nimerudi nyumbani nikampikia Wasike, sikumwambia kitu. Nikapita mlango wa Lenah mara mbili, sikubisha.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Nyekundu: mbili. Nimetia saini.

Jumatatu, 13 Aprili

Nyekundu: mbili. Lenah amerudi karai la pili. Haimbi.

Jumanne, 14 Aprili

Pasaka iko karibu na hospitali zinataka mizigo. Fungu la 117, kubwa kuliko yote mwaka huu. Nilitaka kulipima kwa buluu ili nijue mwenyewe tu, bila kuandika. Droo ya vioo ilikuwa na chekundu peke yake. Nikamwuliza Bwana Thuo. Alisema cha buluu kilivunjika.

Nyekundu: mbili na nusu. Alisimama nyuma yangu nikiandika. Ningeweza kuweka kalamu chini. Nilifikiria masomo ya jioni, nikafikiria ufagio. Nikatia saini, A. Nabwire, kwa mwandiko wangu mzuri.

Ijumaa Kuu

Kanisani. Mvua kutwa.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuna la kuandika. Wasike amepata kibarua cha wiki mbili kwenye ghala.

Jumatatu, 27 Aprili

Mirriam, anayeimba nasi kwaya, ni nesi katika wadi ya akina mama. Jana baada ya ibada alinivuta kando ya ukuta.

"Mama Simiyu, nyinyi mnatengeneza dripu, si ndiyo? Hebu niambie. Ukimwekea mtu dripu, kisha baada ya nusu saa anaanza kutetemeka, meno yanagongana, joto linapanda hadi anaongea ovyo, hiyo ni nini?"

"Wangapi?"

"Wiki ya Pasaka, watano. Wanne tuliwatoa dripu wakapoa. Mmoja alikuwa ametoka kujifungua, damu imempungukia. Hakuweza." Alikunja leso yake. "Nduta. Miaka ishirini na mbili. Mumewe ni Ndung'u, muuza nyama pale soko la Burma. Daktari ameandika homa ya uzazi. Lakini mimi nilihifadhi lebo, kwa sababu wote watano walitoka kwenye sanduku moja."

Alinipa karatasi ndogo iliyokunjwa. Sikuikunjua mbele yake.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

117.

Jumanne, 28 Aprili

Nilimwonyesha Bwana Thuo lebo. Aliitazama, kisha akauliza, "Nani mwingine ameiona?" Hakuuliza jina la marehemu. Miaka minne nimemwita mtu huyu mwalimu wangu.

Sijalala vizuri. Sina mtu wa kumlaumu peke yake. Saini yake haimo kwenye fungu lile. Iliyomo ni yangu.

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimekataa. Fungu la 123 liko mezani na sikushika kalamu. Bwana Thuo alinibembeleza kwanza, kisha akaandika nambari mwenyewe na kutia saini mwenyewe. "Unaona?" alisema. "Dunia haijasimama." Meneja, Bwana Wanyoike, alipita akauliza kama kuna shida. Bwana Thuo akasema hakuna.

Wasike nilimwambia yote leo. Alipiga meza. "Ulitia saini mara ngapi?"

"Nane."

"Mara nane ulitia, ya tisa unakataa. Nani atakuelewa?"

Nilimwona mwoga. Sasa ninapoandika haya naona aliuliza swali la haki.

Alhamisi, 7 Mei

Chupa za akiba za mafungu ya nyuma tunaziweka rafu ya juu. Leo nilishusha moja ya 117 nikaipima bila kioo. Tisa. Ilikuwa saba ilipojazwa, nilipima kwa siri kabla ya kuweka kioo chekundu. Nikaitazama kwenye mwanga: ukungu si wa buluu tena, umekuwa wa maziwa kidogo. Nikaelewa. Chumvi inazikutanisha zile chembe, zinashikana mbili mbili, kumi kumi, zinakua. Zikikaa zaidi, hata mtu asiye na mashine ataziona.

Nitazipeleka katika maabara ya serikali. Wanazo mashine, wapime wenyewe.

Ijumaa, 8 Mei

Nilitia chupa sita kwenye kiondo, nikafunika kwa sweta. Saa kumi na moja tulipanga foleni ya kutoka. Askari wa lango alikuwa akipekua kila mfuko.

Lenah alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akakiona kiondo, akaniona uso. Akakichukua mkononi mwangu kama kwamba ni chake.

"Niaje, boss," alimwambia askari. "Leo wataka kuona chupi zangu? Haya, fungua." Askari akacheka, akamsukuma apite.

Nje ya lango alinirudishia. "Ni kizito. Kina nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia na lile la karai la pili: kwamba nilijua tangu tarehe sita Aprili kuwa chupa zake ni safi, na sikusema. Nikaomba msamaha pale barabarani, magari yakitumwagia tope.

Lenah alisikiliza hadi mwisho. "Wiki mbili nilikaa nyumbani," alisema. "Mama mkwe akaniambia kumbe hata kuosha siwezi. Msamaha wako utamwambia yeye." Akaenda zake upande wa pili wa barabara, na tukatembea hivyo hadi mtaani, kila mtu na ukingo wake.

Sikumwambia ni nani aliyetia saini fungu la 117.

Jumanne, 12 Mei

Nilipanga kwenda maabara ya serikali leo. Jana asubuhi polisi wawili walifika na Bwana Wanyoike, kwa kuwa chupa sita za rafu ya juu zilikuwa zimekosekana. Chupa zilikuwa chini ya kitanda. Wizi wa mfanyakazi. Nimelala kituoni usiku mmoja, na leo Wasike amenitoa kwa dhamana ya mjomba wake. Njia nzima alinibebea kiondo.

Alhamisi, 14 Mei

Mahakama ya Makadara. Nilikana. Chupa sita zimewekwa mezani kama ushahidi, zimefungwa lebo za kamba. Kesi tarehe ishirini na nane.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Sina kazi. Nafua.

Alhamisi, 28 Mei

Niandike yote kabla sijaanza kujipendelea.

Karani alileta chupa kutoka stoo ya mahakama. Alipoziweka mezani nilisikia watu wakinong'ona. Kwa wiki mbili tatu joto na chumvi vimefanya kazi yao. Yale maji yaliyokuwa yanang'aa yalikuwa meupe kama maji ya mchele, na chini ya kila chupa kulikuwa na utando wa rangi ya kutu. Karani alipoitikisa moja ukungu uliinuka ukazunguka ndani. Hakuhitaji taa wala kioo.

Shahidi wa kwanza alikuwa Bwana Thuo, suti ya kijivu. Alisema nilikuwa mfanyakazi mzuri hadi niliposhikwa na mambo ya ajabu ajabu. Sikuwa na wakili. Hakimu akaniambia nimwulize maswali.

"Bwana Thuo, mtambo wa kukeneka ulikuwa ukifanya kazi mwezi wa nne?"

Kiongozi wa mashtaka akasimama kupinga. Hakimu akakubali.

"Kioo cha buluu kiko wapi?"

"Kilivunjika," alisema, akitazama viatu vyake.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba utazame hizo chupa. Ni zile zile zinazokwenda hospitali."

Hakimu alizitazama. Ni mtu mzima, mtulivu, na nadhani aliona. Akasema, "Mahakama haikuulizwa ndani ya chupa mna nini. Imeulizwa chupa ni ya nani."

Kisha wakamwita Lenah. Askari wa lango aliwaambia kuwa ndiye aliyebeba kiondo, na Bwana Wanyoike alikuwa amemwambia achague: awe shahidi au awe mshtakiwa wa pili. Alisimama kizimbani na kitambaa chake cha kanisani.

"Ulimwona mshtakiwa akiondoka na chupa?" aliulizwa.

"Ndiyo. Na mimi ndimi niliyezipitisha langoni."

"Alikudanganya?"

"Hapana. Na kama mnauliza kuhusu hizo chupa, mimi nimeziosha miaka sita. Zilikuwa safi. Maji ndiyo machafu. Ule mtambo hauchemki tangu Januari, na kila mtu pale kiwandani anajua, na huyu bwana mwenye suti anajua kuliko sisi wote."

Hakimu alimwambia ajibu anachoulizwa tu. Lakini karani alikuwa ameshaandika.

Sasa sehemu ngumu. Hakimu alinigeukia. Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayenifungulia mlango: "Mshtakiwa, unasema ulizichukua kwa faida ya umma. Una ushahidi wowote kwamba kuna mtu aliyedhurika?"

Mirriam alikuwa amekaa benchi ya nyuma, karibu na Wasike. Lebo ilikuwa ndani ya Biblia yangu. Nikimtaja Nduta watauliza fungu. Nikitaja fungu watafungua daftari, na ndani watakuta A. Nabwire kwa mwandiko mzuri.

Nikasema, "Sina, mheshimiwa."

Mirriam aliinuka akatoka nje.

Ijumaa, 29 Mei

Lenah amefutwa kazi. Nilikwenda kumshukuru. Alikuwa akichambua maharagwe mlangoni.

"Sikusema kwa ajili yako," alisema. "Nilisema kwa sababu walisema chupa."

Alhamisi, 4 Juni

Hukumu. Nina hatia. Kifungo cha nje, miezi sita. Hakimu alisema amezingatia kuwa sikuziuza. Mwishoni akaamuru vielelezo virudishwe kwa mwenyewe. Nilimwona Bwana Thuo akizibeba hadi kwenye gari la kiwanda, tatu tatu, akizishika mbali na suti yake.

Patrobas anasema kifaa kimefika, mtambo unachemka tangu Jumatatu, na Bwana Thuo amepandishwa cheo kwa kuusimamia. Maji sasa ni safi. Hakuna atakayepima chochote akakuta kitu.

Jumatatu, 8 Juni

Mvua imepungua. Lenah alikuja leo asubuhi, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mirriam ameniambia kuhusu yule mama wa Burma. Anasema ulikuwa na lebo siku ya kesi." Akangoja. "Saini ni ya Thuo, si ndiyo?"

"Ni yangu."

Alitazama ukuta, akatazama sufuria zangu. "Basi nimefutwa kazi nikisimama na nani?"

"Sijui, Lenah."

"Mimi najua." Akafunga leso yake vizuri. "Nenda ukamwambie bwana yake. Usipokwenda hadi Ijumaa nitakwenda mimi, na mimi sitaongea kwa adabu."

Alhamisi, 11 Juni

Burma. Nilikwenda saa nne asubuhi, kabla ya watu wa nyama choma kujaa. Ndung'u ni kijana kuliko nilivyodhani. Alikuwa akikata mbavu kwa shoka, na nyuma yake mtoto mchanga amelala kwenye kikapu, msichana wa kumlea ameketi kando.

Nilisema jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya. Nikamwambia mkewe hakufa kwa homa ya uzazi, au sidhani hivyo. Nikamweleza maji ya kisima, kioo chekundu, fungu la 117 na lebo yake, saini, na kesi. Sikutaja Bwana Thuo hadi nilipomaliza kujitaja mimi. Hakuacha kukata. Nilipofika mwisho aliweka shoka chini.

"Hicho kitu kilichokuwa kwenye maji," alisema, "kilikuwa kikubwa kiasi gani?"

Nilizoea kuulizwa hivyo. Nikasema, "Chukua unywele mmoja. Ukiweza kuupasua mara mia nane, kipande kimoja ni kama hicho."

"Na vilikuwa vingi?"

"Kwenye tone moja, mamilioni."

"Kwa hiyo siwezi kuviona."

"Huwezi. Mimi niliweza. Nilikuwa na kioo cha kuvionea, kikaondolewa, na nikajifanya sijui vipo."

Alifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. "Mimi niliwatukana watu wa kwao Nduta," alisema. "Mama yake alisema tumpeleke kwa mkunga wa nyumbani. Nikasema hapana, hospitali kuna dripu." Kisha akauliza, "Mahakamani ulimtaja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa jina langu."

Mteja alifika akataka kilo mbili. Ndung'u akampimia, akamfungia kwa gazeti, akamshukuru. Nilibaki nimesimama. Mteja alipoondoka, Ndung'u hakunitazama.

"Jumatatu saa mbili," alisema. "Mbele ya kituo cha polisi. Uje na hiyo lebo. Usipokuja nitajua unakaa wapi."

Ijumaa, 12 Juni

Nimemwambia Wasike. Alisema safari hii wanaweza kunifunga kweli, na nani atakwenda kijijini kumwambia Simiyu. Nikamwambia aende yeye. Akasema ataenda. Baadaye nilimkuta akivipiga rangi viatu vyangu vya kanisani.

Jumapili, 14 Juni

Sikuimba kwaya. Mirriam alikuja kuketi kando yangu. Nikamwambia: kesho saa mbili, mbele ya kituo.

Jumatatu, 15 Juni

Jua kali. Tulikuwa wanne mbele ya kituo: Ndung'u, Mirriam, Lenah, na mimi. Lenah alisema amekuja kuhakikisha tu.

Afisa wa zamu alikuwa kijana mwenye kalamu inayovuja. Alimsikiliza Ndung'u kwanza, kisha akanigeukia. Nikaweka lebo kwenye meza. Nikaanza na tarehe sita Aprili, buluu nne kwa nyekundu moja, na kile nilichokijua siku ile. Aliandika mistari miwili akasimama.

"Ngoja, mama," alisema. "Sijaelewa. Wewe hapa nikuandike shahidi au mshtakiwa?"

Ndung'u alinitazama. Wote walinitazama.

Nikamwambia aandike kwanza ninachosema, hiyo nafasi aiache wazi.